Barafu i karibu, nauli ndiyo iliyo mbali

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu akisimama barabarani katika mji wa Isiolo na kuelekeza uso wake kusini, huuona Mlima Kenya ukiwa wazi kana kwamba umesogezwa usiku. Wenye maduka hufungua milango yao, akina mama wauzao maziwa ya ngamia hupanga madumu, matatu za Nanyuki na Meru huita abiria, na aghalabu hakuna hata mmoja anayeinua macho. Hatulaumiani. Mtu hawezi kuustaajabia ukuta wa nyumba yake kila kunapokucha.

Nayataja haya kwa sababu ya jarida moja la picha. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mhudumu katika hoteli ya watalii kando ya mto Ewaso Ng'iro, aliniletea jarida lililoachwa chumbani na mgeni. Ndani yake mlikuwa na matangazo mawili ya safari za meli kwenda Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini mno, karibu na Ncha ya Kaskazini, ambako dubu weupe huishi na jua halitui majira yote ya kiangazi. Nililichukua jarida hilo hadi darasani kwa somo la jiografia. Sikujua kwamba tungetumia vipindi viwili kulijadili, na kwamba hesabu ingeipiku jiografia.

Tangazo la kwanza lilinadi safari ya siku 10 kwa dola 7,500 kwa kila mtu. La pili lilikuwa la siku 12 kwa dola 8,400. Niliuliza swali jepesi: safari ipi ni ya bei nafuu? Darasa zima lilijibu kwa sauti moja kuwa ni ya kwanza. Ndipo msichana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye si mwepesi wa kuinua mkono, akauliza, "Mwalimu, siku ya kwanza meli inaondoka saa ngapi?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko majibu yote niliyoyasikia muhula huo. Tulisoma maandishi madogo yaliyo chini ya picha. Abiria hupanda melini jioni ya siku ya kwanza, na hushuka asubuhi ya siku ya mwisho baada ya kifungua kinywa. Siku 10 za tangazo, basi, ni siku nane kamili, na siku 12 ni siku 10. Tuligawa upya. Safari ya kwanza ikawa dola 937 na nusu kwa siku. Ya pili ikawa dola 840. Ile iliyoonekana ghali ndiyo iliyokuwa nafuu.

Hatukukomea hapo. Maneno "kwa kila mtu" yalikuwa na maana yake mahususi: watu wawili wakilala chumba kimoja. Asafiriye peke yake hulipa nyongeza, ambayo katika tangazo la kwanza ilikuwa nusu ya nauli, hivyo dola 7,500 zikawa 11,250. Nauli ya ndege haikuhesabiwa. Bima ya matibabu na ya kuokolewa kwa helikopta haikuhesabiwa, ingawa kampuni nyingi za meli hazimkubali abiria asiye nayo. Bakshishi ya mabaharia ilitajwa kwa haya, kama mtu anayekohoa pembeni.

Kisha kuna suala la viza, ambalo ni somo zima la uraia. Mkataba wa Svalbard wa mwaka 1920 uliipa Norway mamlaka juu ya visiwa hivyo, na papo hapo ukawapa raia wa mataifa yaliyoutia saini haki sawa za kuingia na kufanya kazi huko. Hata leo, Norway haimdai mtu yeyote viza ya kuingia Svalbard. Msomaji asishangilie mapema. Ndege za abiria ziendazo huko hupitia Norway kwenyewe, na Mkenya hakanyagi Norway bila viza ya nchi za Schengen. Tena sharti iwe ya kuingia mara mbili, kwa kuwa kwenda Svalbard huhesabiwa kuwa ni kutoka katika eneo la Schengen, na kurudi ni kuingia upya. Mlango uko wazi, lakini ua umefungwa.

Jambo la mwisho lilikuwa ukubwa wa meli. Tangu Januari 1, 2025, sheria ya Norway hairuhusu meli yenye abiria zaidi ya 200 kuingia katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Svalbard, ambayo ni sehemu kubwa ya visiwa hivyo. Meli kubwa huweza kuwa na bei ya kuvutia, ila abiria wake hutazama kwa darubini kile ambacho wenzao wa meli ndogo wanakikanyaga kwa miguu. Bei pekee haikuambii umenunua nini.

Tulipobadilisha dola kuwa pesa zetu, kwa kukadiria dola moja kuwa shilingi 130, nauli ya tangazo la kwanza peke yake ilifika Sh975,000. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hata ile nafuu ni ghali." Darasa liliangua kicheko, nami sikuwa na la kumjibu.

Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu alinikejeli kwa upole. Watoto wa Isiolo na meli za barafuni wapi na wapi? Swali lake lina haki ya kujibiwa, kwa sababu ndilo wanaloulizwa watoto wetu kila wanapotamani kitu kilicho nje ya mpaka wa wilaya walimozaliwa.

Mnamo Februari 26, 2008, hazina ya mbegu ya dunia ilifunguliwa huko huko Svalbard, ndani ya mlima uliogandishwa, ambamo mbegu za mimea ya chakula huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri. Waliobeba shehena ya kwanza ya mbegu kuiingiza ndani walikuwa wawili: Jens Stoltenberg, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norway, na Wangari Maathai, binti wa Nyeri, upande wa pili wa mlima huu tunaoutazama. Mbegu kutoka Kenya nazo ziliwekwa humo. Fauka ya hayo, mwishoni mwa 2016 joto lisilo la kawaida na mvua vilisababisha maji kupenya katika njia ya kuingilia hazina hiyo. Mbegu hazikudhurika, lakini waliodhani kuwa barafu ya huko ni ya milele walipata la kufikiria.

Yuko pia Tété-Michel Kpomassie wa Togo. Alikuwa kijana alipokutana na kitabu kuhusu watu wa Greenland, akaazimia kufika huko. Hakuwa na nauli. Alisafiri kwa hatua, akifanya kazi kila alipotua, kutoka Afrika Magharibi hadi Ufaransa, Ujerumani na Denmark, huku akijifunza lugha njiani. Ilimchukua karibu miaka minane, na katikati ya miaka ya 1960 aliteremka melini Greenland, Mwafrika wa kwanza ambaye wengi wa wenyeji wake walikuwa wamemwona. Kitabu alichoandika kuhusu safari hiyo kilitolewa kwa Kifaransa mwaka 1981. Huyo naye alilinganisha bei, ila sarafu yake ilikuwa miaka.

Kwa hiyo sikubali kwamba zoezi letu lilikuwa la anasa. Ninachokubali ni kwamba lilinirudisha nyumbani, na huko nyumbani nilikuta deni.

Barafu tunayo. Si hadithi; iko pale kusini, juu ya kofia na vilele. Mwishoni mwa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu 18. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kileleni Batian Septemba 1899 pamoja na waongozaji wawili wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel, alikuta ulimwengu mweupe. Tangu hapo mingi ya mito hiyo imetoweka. Mto wa barafu wa Lewis, mkubwa kuliko yote na ambao umepimwa kwa muda mrefu, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani iliyotolewa Oktoba 2021 ilikadiria kwamba barafu yote ya Mlima Kenya huenda ikawa imekwisha katika miaka ya 2030. Mtoto aliye kidato cha tatu leo atakuwa hajafikisha umri wa miaka 35.

Hapa naomba niwasahihishe wenzangu walimu, maana kosa hili hurudiwa hata katika hotuba za wakubwa. Husemwa kwamba barafu ikiisha, Ewaso Ng'iro itakauka. Sivyo. Barafu iliyosalia ni ndogo mno kuulisha mto wa namna hiyo. Maji ya Ewaso Ng'iro hutokana zaidi na mvua inyeshayo juu ya misitu na nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, na chemchemi zinazolishwa na mvua hiyo. Mto unapokatika kiangazi kule Archers Post, chanzo tukitafute katika ukame, katika misitu iliyokatwa na katika mifereji inayochota maji huko juu. Barafu ni shahidi wa joto linaloongezeka. Si mtungi wetu. Mwanafunzi akilielewa tofauti hiyo atajua pa kuelekeza hasira yake.

Na njia bora ya kulielewa ni kwenda kuona. Kutoka Isiolo hadi Nanyuki ni takriban kilomita 80 za lami. Kabla ya kufika Nanyuki, ukishaipita Timau, kuna njia ya kuingilia Sirimon. Watalii huvuka bahari kuifuata njia hiyo. Niliuliza darasa langu ni wangapi wamewahi kuingia katika mbuga ya mlima huo. Hakuna. Nikauliza kuhusu Buffalo Springs na Shaba, ambazo zimo ndani ya kaunti yao wenyewe. Mikono ilikuwa minne, na miwili kati ya hiyo ni ya watoto ambao baba zao hufanya kazi hotelini. Tangu 2012, ulipozinduliwa mpango wa bandari ya Lamu na barabara zake, tunaambiwa kwamba Isiolo itajengewa mji wa kitalii. Utakuwa mji wa ajabu iwapo wenyeji wake hawatakuwa wamekiona kile ambacho wageni wamekuja kukitazama.

Tatizo, tutaambiwa, ni pesa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Sehemu kubwa ya tatizo ni mpango, na katika jambo hili sisi walimu tunawakosea watoto kwa namna ile ile ya matangazo ya meli.

Tazama jinsi ziara za shule zinavyotangazwa. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, barua hutumwa kwa wazazi ikitaja kiasi fulani. Mzazi anauza mbuzi. Wiki moja baadaye hugunduliwa kwamba chakula hakikuhesabiwa. Siku mbili kabla, hugunduliwa kwamba ada ya kuingia mbugani imesahauliwa, au kwamba mbuga mbili zina wenyewe wawili, kwa vile Buffalo Springs na Shaba ni za Kaunti ya Isiolo ilhali Samburu, ng'ambo ya mto, ni ya Kaunti ya Samburu. Hakuna aliyeuliza kama tiketi moja yatosha. Hakuna aliyeomba mapema nafuu ya wanafunzi. Basi likifika lango la mbuga ya taifa, mhasibu ana noti mkononi, kumbe malipo ya huko hupokewa kwa njia ya mtandao tu. Nimeyaona haya yote kwa macho yangu, na mengine niliyasababisha.

Eneo letu lina historia ya safari zilizopangwa hivyo hivyo. Mwaka 1892 tajiri wa Kimarekani, William Astor Chanler, alitoka pwani akiwa na wapagazi wengi, ngamia na punda, akaifuata Ewaso Ng'iro kutafuta ziwa kubwa alilosikia likiitwa Lorian. Alikuta kinamasi. Wanyama wake walikufa kwa maradhi, mwenzake Ludwig von Höhnel alijeruhiwa na kifaru hata ikabidi arudishwe pwani, na mwishowe wapagazi walimtoroka. Maporomoko ya mto huo yana jina lake hadi leo. Pesa hazikumpungukia Chanler hata siku moja.

Sasa niseme lile ninaloliona zito. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya hapa ambayo sitaitaja, tulipanga ziara. Mimi ndiye niliyeshika orodha. Waliolipa waliwekewa alama, wasiolipa wakaachwa wazi. Alfajiri ile basi liliondoka likiwa na viti kumi na viwili vitupu, na langoni walisimama wasichana watatu waliovaa sare zilizopigwa pasi, wakitumaini kwamba mtu angebadili nia. Hakuna aliyebadili. Nilijiambia kwamba ni haki: aliyelipa na asiyelipa hawawezi kuwa sawa.

Nilipofanya hesabu ya meli na darasa langu mwaka huu, niliifanya pia hesabu ya lile basi, nikaona aibu. Tuseme basi hukodishwa kwa Sh30,000. Bei hiyo haibadiliki, wawe abiria kumi au hamsini. Wakienda wanafunzi 50, kila mmoja huchangia Sh600. Wakienda 30, kila mmoja huchangia Sh1,000. Kila mtoto anayeachwa langoni huwapandishia wenzake nauli. Na kiti chake, basi likishaondoka, hakimpunguzii mtu yeyote hata senti. Dereva hunywa mafuta yale yale. Gharama halisi ya kumbeba mtoto mmoja zaidi ni chakula chake na ada yake ya langoni, basi. Wale wasichana watatu tuliwaacha kwa bei ya sahani tatu za wali na tiketi tatu.

Wapo watakaosema kuwa mzazi akijua mtoto wake atabebwa bila kulipa, hatalipa kamwe. Hoja hiyo ina uzito, nami sijifanyi siujui mji huu. Lakini dawa yake ni muda. Mfugaji hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Pesa zake huja wakati mnyama ana nyama na soko lina wanunuzi. Ukimpa wiki tatu katikati ya kiangazi, umemwambia auze kwa hasara. Ukimpa mihula miwili, akalipa shilingi mia leo na mia mbili baada ya mvua, wengi watalipa. Watakaobaki watakuwa wachache, na viti vyao vinaweza kubebwa na hazina ya darasa. Kampuni za meli zimeligundua hilo zamani: anayeweka nafasi mwaka mmoja kabla hupunguziwa bei na hulipa kwa awamu. Tajiri anapewa mwaka mzima wa kujipanga. Mfugaji wa Kulamawe anapewa siku ishirini.

Kuhusu mlima wenyewe, tahadhari ni lazima. Isiolo iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kituo cha Old Moses, katika njia ya Sirimon, kiko mita 3,300. Kambi ya Shipton, mita 4,200. Kilele cha Lenana, ambako mto wa barafu wa Lewis huonekana chini yako, ni mita 4,985. Mwili wa mtoto wa nyika haupandi kimo hicho kwa siku moja bila kuugua, na maradhi ya kimo huua. Kwa hiyo darasa zima liende hadi msituni na, kwa wenye nguvu, hadi Old Moses. Wachache waliokomaa, wenye idhini ya wazazi, waliopimwa na daktari na kuongozwa na waongozaji wenye leseni, ndio waendelee kwa siku nne au tano, polepole. Mavazi ya baridi yakodishwe Nanyuki, na bei zake ziulizwe katika maduka matatu kabla ya kuamua. Basi lisiwe njiani usiku. Na wanaokwenda mbuga za mtoni wakumbuke Machi 2010, Ewaso Ng'iro ilipofurika na kusomba kambi za watalii huko Samburu: mahali pa kulala hapachaguliwi kwa uzuri wa mandhari wala kwa unafuu peke yake.

Darasa langu limeanza kuandika jedwali. Lina safu ya usafiri, ya ada, ya chakula, ya mavazi, ya mwongozaji, ya dharura, na safu moja ambayo yule msichana wa nyuma alisisitiza iwepo, inayosomeka "Visivyotajwa". Barua kwa wazazi itatoka wiki ya pili ya muhula ujao, ikiwa na kitita kizima tangu mwanzo, na ziara yenyewe itakuwa mihula miwili baadaye, wakati wa ukavu. Orodha ya wasafiri itaandikwa kwa alfabeti. Haitakuwa na nafasi ya kuweka alama ya nani amelipa. Hiyo itabaki katika daftari la mhasibu, nami nimemwomba asinionyeshe.